Umepigwa PI au Umeamriwa Kuondoka Nchini: Mwongozo Kamili wa Kupinga Uamuzi Mahakama Kuu, Mtwara

Watu wengi wa Mtwara na Lindi wanaoamriwa kuondoka nchini hushindwa mahakamani kabla jaji hajafika kwenye swali lenyewe, yaani kama mtu huyu ni raia au si raia. Ombi lao linatupwa kwa sababu halikuwa ombi linalotakiwa, au limefika siku zimekwisha, au kiapo kina kasoro. Wengine hutumia miezi mitatu kuandika barua kwa mkuu wa wilaya, kwa mbunge na kwa diwani, huku muda wa kisheria ukiyeyuka.

Kwanza ujue kwamba Tanzania haina mahakama maalumu ya uhamiaji. Njia zote za maana zinaishia Mahakama Kuu, na kwa mikoa hii miwili ni Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Mtu wa Liwale, Kilwa, Nanyumbu au Newala, wote mlango wao ni huo.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kuandika neno lolote

Karatasi ya uamuzi yenyewe ndiyo ya kwanza. Inaweza kuwa notisi ya kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku (ndiyo watu wanaiita PI), amri ya kufukuzwa nchini iliyosainiwa na Waziri wa Mambo ya Ndani, au hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kama hukupewa karatasi, andika barua leo kuiomba. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Barua hiyo iliyogongwa muhuri itakuja kuwa ushahidi wako kwamba ulinyimwa uamuzi wa maandishi.

Halafu tafuta hivi:

- Cheti cha kuzaliwa chako, na cha mzazi mmoja au wote kama vipo
- Kitambulisho cha NIDA au namba yake, kadi ya mpiga kura, pasipoti hata kama imeisha muda
- Cheti cha ubatizo au cha ndoa, ya kanisani, ya BAKWATA au ya serikali
- Cheti cha darasa la saba, au barua ya mwalimu mkuu inayonukuu rejista ya uandikishaji
- Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, iliyopita kwa mtendaji wa kata
- Kibali cha ukaazi au hati ya mtegemezi, kama wewe ni mgeni uliyekuwa na kibali
- Kumbukumbu za AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), hati ya kimila ya ardhi, risiti za michango ya kijiji
- Majina na namba za simu za watu watatu au wanne waliokufahamu tangu utotoni, wenye umri mkubwa kuliko wako
- Daftari moja la kuandikia tarehe zote

Vyeti halisi usimwachie mtu yeyote. Afisa akihitaji kuona, mwonyeshe na umpe nakala. Akilazimisha kuchukua halisi, omba hati ya kukabidhi yenye jina lake, cheo, tarehe na orodha ya alichochukua.

## Hatua ya 1: Tambua karatasi uliyopewa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa hili haliponyeki kirahisi. Njia ziko tatu, na kila moja ina fomu yake na siku zake.

Umehukumiwa mahakamani. Ulishtakiwa kwa kuingia au kuishi nchini bila kibali, ukatiwa hatiani, ukapewa faini au kifungo, na pengine hakimu akaagiza uondolewe nchini. Njia yako ni rufaa ya jinai.

Umepewa PI au amri ya Waziri bila kupita mahakamani. Hakuna hukumu ya kukatia rufaa. Njia yako ni mapitio ya mahakama: unaiomba Mahakama Kuu ichunguze namna uamuzi ulivyofanywa na kuufuta kama haukufuata sheria.

Ndugu yako ameshikiliwa na hakuna karatasi yoyote. Hajafikishwa kwa hakimu na hajapewa amri. Njia ni ombi la Mahakama Kuu kuamuru anayemshikilia amlete na aeleze kwa sheria gani anamshikilia. Mawakili huliita *habeas corpus*.

Kuna kundi la nne, la waliovuka mto Ruvuma kukimbia mapigano ya Cabo Delgado, Msumbiji. Hao wako chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Mtu wa namna hiyo aseme mapema kwa afisa wa kwanza anayekutana naye kwamba anaomba hifadhi na anaogopa kurudishwa, na aombe maneno hayo yaandikwe. Ombi hilo lina utaratibu wake, lisichanganywe na hatua za hapa chini.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: nani ameamua, tarehe ngapi, na kwa sheria ipi. Kama huwezi, usiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Hesabu siku na uziandike

Rufaa ya jinai ina tarehe mbili za mwisho zinazokimbia pamoja. Ya kwanza ni notisi ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10 tangu hukumu au adhabu. Ya pili ni hati ya rufaa yenye sababu, ndani ya siku 45 tangu siku hiyohiyo. Hukumu ikisomwa 3 Machi, notisi iingie ifikapo 13 Machi na hati ya rufaa ifikapo 17 Aprili. Siku ulizokuwa ukisubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi kwenye zile 45, lakini ni lazima uonyeshe ulivyoomba na siku uliyopokea. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala iandikwe wiki hiyohiyo ya hukumu.

Mapitio ya mahakama yana miezi 6 tangu tarehe ya uamuzi. Watu wakisikia miezi 6 hulala. Notisi ya PI yenyewe huwa imekutaka uondoke mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo muda wako halisi ni ule uliotajwa kwenye notisi. Na jaji akishakupa kibali cha kufungua maombi (kinaelezwa Hatua ya 5), zinaanza siku nyingine 14 za kufungua maombi yenyewe. Kibali kikitoka 2 Juni, mwisho ni 16 Juni. Hizi 14 zimewaangusha watu wengi waliokwisha kushinda nusu ya safari, maana walirudi kijijini kushangilia.

Ombi la mtu aliyeshikiliwa hupelekwa siku yoyote akiwa bado ndani, na linapaswa kwenda mapema kuliko yote.

Muda ukikupita, usifungue rufaa au maombi moja kwa moja. Omba kwanza kuongezewa muda, na ueleze kila siku ya kuchelewa. "Nilikuwa naumwa" bila karatasi ya hospitali haisaidii. "Nilikuwa gerezani Lilungu, niliomba nakala tarehe fulani, nikapewa tarehe fulani" inasaidia.

## Hatua ya 3: Jenga ushahidi wa asili yako

Sheria ya Uhamiaji inamtwisha mtu mwenyewe mzigo wa kuonyesha kwamba yuko nchini kihalali. Kusema "mimi ni Mmakonde wa Tandahimba" hakutoshi, kwa kuwa Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na Wamakua na Wayao vilevile. Kwa sababu hiyohiyo, chale usoni, lafudhi au kujua Kireno si ushahidi kwamba mtu ni wa Msumbiji. Kama uamuzi umeegemea vitu hivyo, andika hivyo kwenye sababu zako.

Unatakiwa kuonyesha mambo mawili: ulizaliwa wapi, na wazazi wako ni akina nani na ni raia wa wapi. Jambo la pili ndilo linalosahaulika. Mtu huja na cheti chake cha kuzaliwa, anaulizwa baba alizaliwa kijiji gani, anabaki kimya.

Fanya hivi. Chora ukoo wako kwenye karatasi: wewe, wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili. Mbele ya kila jina andika kijiji, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukadiria, alipozikwa kama amefariki, na nani aliye hai anayemfahamu. Kisha tafuta karatasi kwa kila jina.

Vyanzo ambavyo watu wa huku huvisahau:

*Vitabu vya ubatizo.* Misheni za Masasi, Ndanda, Newala, Lukuledi na Nyangao zimekuwa zikiandika ubatizo tangu kabla ya uhuru. Ukiomba dondoo, taja jina la ubatizo na la ukoo kama lilivyotamkwa zamani, jina la mzazi, na mwaka kwa kukadiria. Padri aandike namba ya kitabu na ukurasa, asaini na agonge muhuri. Dondoo ya namna hii, iliyoandikwa na mtu asiye na masilahi na kesi yako, miaka mingi kabla ya mgogoro, ina nguvu kuliko viapo kumi vya majirani.

*Ushirika.* Mkulima wa korosho ana historia ya maandishi kuliko anavyodhani. AMCOS yake ina orodha ya wanachama, malipo ya misimu na usajili wa pembejeo. Chama kikuu pia kinaweza kuwa na kumbukumbu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa ukanda wa pwani ya Lindi. Hizi hazithibitishi uraia, ila zinaonyesha umekaa wapi kwa muda gani, na zinavunja madai kwamba uliingia juzi.

*Shule.* Rejista ya uandikishaji ina jina la mzazi na kijiji. Mwalimu mkuu apige nakala ya ukurasa, si kuandika barua ya sifa.

Jihadhari na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa wiki moja baada ya kukamatwa. Si haramu kujiandikisha kwa kuchelewa, lakini wakili wa Serikali ataonyesha tarehe ya usajili na kuuliza kwa nini sasa. Kitumie pamoja na karatasi za zamani, kisisimame peke yake. Na majina yako yakitofautiana, Saidi hapa, Saidi Hamisi pale, fanya kiapo cha majina kabla ya kufungua shauri.

Kama uliwahi kupewa pasipoti ya Tanzania au kitambulisho cha taifa, hilo liwe mbele kabisa. Katika shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilisema tarehe 22 Machi 2018 kwamba Serikali inapopinga uraia wa mtu iliyemtambua yenyewe kwa hati zake, mzigo wa kuthibitisha kinyume ni wa Serikali. Pia ilisema ushahidi wa mashahidi unapogongana kuhusu mzazi ni nani, kipimo cha vinasaba ndicho kingetegua. Taja shauri hilo, mweleze jaji linavyofanana na lako. Ila kumbuka, mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na tangu mwishoni mwa Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya watu binafsi. Pigana hapahapa Mtwara.

Ndoa nayo inawapotosha watu. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana nafasi ya kuomba uraia kupitia ndoa hiyo, lakini kuomba si kupata. Mwanamume wa Msumbiji aliyeoa Mtanzania hana nafasi hiyo. Anafuata masharti ya tajinisi, yaani mgeni kuomba kupewa uraia, kama mgeni mwingine. Watoto na ndoa vitaje kama sababu za kibinadamu, si kama uthibitisho wa uraia.

## Hatua ya 4: Kama ni rufaa ya jinai

Swali la kwanza: ulikiri kosa? Aliyekiri hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani, anaweza tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu mtu huambiwa mahabusu, "Sema ni kweli, ulipe faini, yaishe." Anasema ni kweli, analipa, kisha anashangaa kuona anapelekwa mpakani. Ambaye bado hajasomewa mashtaka asikubali ushauri huo kama anaamini ni raia.

Aliyekwisha kukiri ana upenyo mwembamba. Mahakama zimekuwa zikifuata uamuzi wa *Laurent Mpinga* wa 1983, unaoruhusu rufaa kama kukiri hakukuwa wazi na kamili, kama kulitokana na kutoelewa, kama mashtaka hayakuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au kama maelezo yaliyokubaliwa hayatoshi kumtia mtu hatiani. Kwa watu wa huku sababu ya kutoelewa ina uzito. Bibi wa Kitaya anayeongea Kimakonde tu, akasomewa mashtaka kwa Kiswahili cha kimahakama bila mkalimani, hakukiri kitu. Tafuta kwenye mwenendo wa kesi kama jina la mkalimani limeandikwa. Tazama pia kama hakimu alinukuu maneno ya mshtakiwa mwenyewe au aliandika tu kwamba amekiri.

Andika sababu za rufaa fupi fupi, kila moja hoja yake. "Hakimu alikosea kisheria kunitia hatiani kwa kukiri kusikokuwa wazi, kwani sikupewa mkalimani." Usiandike kurasa nne za maisha yako.

Aliye gerezani si lazima atoke nje ili kukata rufaa. Notisi na hati ya rufaa hupitia kwa mkuu wa gereza, ambaye huzipeleka mahakamani. Atie saini au dole gumba, na aombe nakala yenye muhuri na tarehe, kwa kuwa tarehe aliyoikabidhi gerezani ndiyo itakayomwokoa karatasi zikichelewa njiani.

## Hatua ya 5: Kama ni mapitio ya mahakama

Hapa jaji haulizi kwanza kama wewe ni raia. Anauliza kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, alikusikiliza, alitoa sababu, na alifikia uamuzi ambao mtu mwenye akili timamu angeufikia kwa ushahidi ule. Mtu akijaza maombi kwa hoja za uraia peke yake, anampa jaji kazi isiyo yake na anaacha silaha zake nyumbani.

Sababu zinazofaa huwa za namna hii: hukuitwa kujieleza kabla ya uamuzi, uliitwa lakini hukuambiwa tuhuma, ulipeleka nyaraka na hazikutajwa popote, notisi haina sababu, aliyesaini hana mamlaka hayo kisheria. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Itaje, kisha onyesha kwa tarehe ilivyovunjwa.

Maombi yana awamu mbili.

Awamu ya kwanza ni kuomba kibali. Unapeleka maombi ya chemba, maelezo yanayotaja wewe ni nani, unaomba nafuu gani na kwa sababu zipi, pamoja na hati ya kiapo inayothibitisha mambo ya ukweli, na nakala ya uamuzi. Utaratibu uko kwenye Kanuni za Mapitio ya Mahakama za 2014, Tangazo la Serikali Na. 324. Jaji anapima mambo machache: kuna hoja ya kusikilizwa, una masilahi, uko ndani ya miezi 6, na huna njia nyingine iliyobaki. Kama karatasi yako ni ya kunyimwa au kufutiwa kibali cha ukaazi, mlalamikie Waziri kwanza kwa maandishi, la sivyo utaambiwa umeruka ngazi.

Awamu ya pili ni maombi yenyewe, ndani ya zile siku 14. Nafuu unazoomba kwa kawaida ni amri ya kutengua uamuzi na amri ya kuwazuia kuutekeleza.

Wajibu maombi huwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, Waziri wa Mambo ya Ndani kama amri ni yake, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukimwacha Mwanasheria Mkuu, shauri lina kasoro tangu mwanzo. Afisa Uhamiaji wa Mkoa usimtaje kwa jina lake binafsi, taja ofisi.

Ukitaka mahakama itamke kwamba wewe ni raia, hilo ni shauri la madai la kawaida, na shauri dhidi ya Serikali linahitaji notisi ya siku 90 kabla ya kulifungua. Unaweza kupeleka notisi hiyo huku mapitio yakiendelea.

## Hatua ya 6: Omba zuio

Kufungua maombi hakusimamishi kuondolewa. Hata kibali hakisimamishi, mpaka jaji aseme hivyo. Watu wamevushwa Kilambo au Mtambaswala wakiwa na namba ya shauri mfukoni.

Kwa hiyo ndani ya maombi ya kibali weka ombi la wazi kwamba kibali kikitolewa kiwe pia zuio la utekelezaji mpaka shauri liishe. Ambatanisha hati ya dharura inayoeleza kwa nini shauri lisikilizwe haraka: tarehe ya mwisho kwenye notisi, mtu yuko mahabusu, ana watoto wanaonyonya, yupo kwenye dozi. Zuio likitolewa, chukua amri iliyogongwa muhuri siku hiyohiyo na uipeleke kwa mkono Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa na mahali mtu anaposhikiliwa. Pata saini ya kupokea.

Ukiwa umekwisha kuondolewa, usirudi kwa mtumbwi usiku. Kurudi ukiwa na PI ni kosa jipya, na jaji atakuona mvunja sheria kabla hajasoma ukurasa wa kwanza. Shauri linaweza kuendelea kupitia wakili.

## Hatua ya 7: Kiapo kisichoanguka

Mawakili wa Serikali hutangulia na pingamizi la awali, na shabaha yao ya kwanza ni hati ya kiapo. Kagua mambo haya mstari kwa mstari:

1. Aya zina namba, na kila aya ina jambo moja la ukweli. Hoja za kisheria na maombi havikai ndani ya kiapo.
2. Ulichokishuhudia kimetengwa na ulichoambiwa. Ulichoambiwa, taja nani kakuambia, naye aape kiapo chake.
3. Mwishoni kuna uthibitisho unaosema aya zipi unazijua mwenyewe na zipi kwa taarifa.
4. Sehemu ya kamishna wa viapo ina jina lake, saini, muhuri, mahali na tarehe. Kiapo kisichoonyesha kiliapwa wapi na lini hakina uhai.
5. Asiyejua kusoma, iandikwe kwamba amesomewa kwa lugha anayoielewa na ameelewa kabla ya kuweka dole gumba.

Viambatisho vipewe alama, na alama hizo zitajwe ndani ya aya. Nakala ya cheti iliyobanwa nyuma bila kutajwa popote haipo mbele ya sheria.

Tahadhari nyingine ni ya namba za vifungu. Toleo la sheria la 2023 lilianza kutumika 1 Julai 2025 na namba za baadhi ya vifungu zilibadilika. Usinakili maombi ya jirani ya mwaka 2022. Uliza masijala au wakili namba ya sasa.

## Hatua ya 8: Kusajili na kuwafikishia

Mashauri husajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Usiye na wakili nenda masijala na nyaraka zilizoskaniwa vizuri, kila hati faili lake. Utapewa namba ya malipo. Hakikisha malipo yameingia, maana hati isiyolipiwa inaweza kuhesabiwa kuwa haijafunguliwa, hata kama uliipakia siku ya mwisho saa nane mchana. Kiswahili ni lugha ya mahakama tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, kwa hiyo usikubali kuambiwa ukaandike upya kwa Kiingereza.

Asiye na fedha atafute msaada wa kisheria chini ya Sheria ya 2017, ambao ni bure. Uliza halmashauri yako alipo msajili msaidizi wa watoa msaada. Wasaidizi wa kisheria wa vijijini wanaweza kukuandalia ukoo, kukukusanyia karatasi na kukuandikia barua, ila hawasimami mahakamani.

Wajibu maombi wote wafikishiwe nakala, na uwasilishe mahakamani uthibitisho wenye mihuri yao. Wakijibu kwa kiapo kinzani, kisome siku hiyohiyo. Mara nyingi ndani yake ndimo unapoona kwa mara ya kwanza sababu walizotumia, na hapo ndipo unapata hoja kwamba hukuwahi kuulizwa juu yake.

## Hatua ya 9: Siku ya kusikilizwa na baada yake

Fika saa mbili asubuhi. Simu zimwa, vyeti halisi mkononi, daftari la tarehe mkononi. Ukiulizwa, jibu lililoulizwa. Kukosa siku moja bila taarifa kunatosha shauri kufutwa.

Sikiliza neno la mwisho la jaji kwa makini. *Limeondolewa* kwa kasoro ina maana unaweza kurekebisha na kufungua tena kama siku bado zipo, au kwa kuomba muda. *Limetupiliwa mbali* ina maana limeamuliwa, na njia iliyobaki ni Mahakama ya Rufani: notisi ya rufaa ndani ya siku 30, barua ya kuomba nakala za mwenendo ndani ya siku hizo 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi.

Ukishinda mapitio, uamuzi umefutwa, lakini Uhamiaji wanaweza kuanza upya kwa kufuata utaratibu. Kwa hiyo tumia nafasi hiyo kwenda Uhamiaji na ushahidi wote wa Hatua ya 3, uuwasilishe kwa barua yenye orodha, upate muhuri wa kupokelewa. Ukishinda rufaa ya jinai, chukua amri ya kuachiwa na uombe faini uliyolipa irejeshwe. Aliyekuwa na uraia wa nchi mbili akishafika miaka 18 sheria inamtaka aukane ule wa nje. Kama hilo ndilo lililokuletea shida, lishughulikie sasa kwa maandishi.

Nakala ya amri ya mahakama piga tatu. Moja ikae nyumbani, moja kwa mtendaji wa kijiji, na moja utembee nayo kila unapopita kizuizi cha barabarani, hasa barabara za Kilambo, Tandahimba na Mangaka.